Mguu wa Kuku wa Kujitengenezea: Kabla Hujabonyeza Laiki, Soma Hapa

Leo siongelei ndoa ya mtu wala nani kaachana na nani. Kuna klipu imezunguka sana wiki hii na nimeona watu wanaishangilia bila kujua wanashangilia kitu gani.

Iko hivi. Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina lake linabaki kwangu, ila wenye macho wameshaiona posti. Kaweka video ya mzee wa Kizungu yupo kwenye karakana nyuma ya nyumba yake, anakereza chuma taratiiibu, mwisho wa video chuma kimekuwa bastola inang'aa kama kioo. Staa wetu akaandika juu yake kwamba Bongo vipaji vipo, tatizo serikali inatubania. Laiki kama mvua. Komenti ndiyo usiseme: "Madogo wa Gerezani wanaweza hii," "Nipe mwezi mmoja nakuletea," "Fundi wangu yupo Mbagala anatoa kitu hicho hicho." Mwingine kaandika kabisa anataka moja, aambiwe bei inboksi.

Hapo kwenye bei inboksi ndipo nikasema hapana, hii lazima tuiongee.

Kwanza tuelewe ile video ni ya nini. Marekani kuna watu, wengi wao wazee waliostaafu viwandani, burudani yao ni kutengeneza bastola nyumbani. Kama baba yako anavyoshinda na redio yake mbovu anaifungua na kuifunga, wao wanashinda na chuma. Bastola wanayoipenda kuliko zote ni ile ya 1911, kazi ya fundi anaitwa John Browning. Jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka huo wa 1911 na likaja kuiacha kama silaha yake kuu mwaka 1985. Mchoro ni wa zamani, hauna mwenyewe tena, vipuri vimejaa madukani, kwa hiyo mtu anajinunulia vipande, anakereza, anapiga tupa, anapima, anarudia. Inaweza kumchukua miezi.

Na sheria yao kuu inaruhusu. Mtu ambaye hajazuiwa kisheria kumiliki silaha anaweza kujitengenezea ya kwake mwenyewe bila leseni. Kisichoruhusiwa ni kutengeneza kama biashara bila leseni, na hizi za kumwaga risasi mfululizo hakuna ruhusa ya kujitengenezea kienyeji. Halafu majimbo yana mambo yao. California kwa mfano, tangu mwaka 2018 unatakiwa uombe namba ya silaha serikalini kabla hujaanza hata kukata chuma. Kwa hiyo hata kwao sio kila mtu anaamka asubuhi na kufanya anavyojisikia. Yule mzee kwenye video ana sheria nyuma yake, ana uwanja wa kwenda kujaribia, ana jirani anayejua anafanya nini na haoni ajabu. Staa wetu kachukua mzee, kaacha hivyo vingine vyote huko huko.

Sasa nitoe haki yao. Nimeangalia hawa wazee wanavyoongea na kuna kitu kimoja nimekikubali mia kwa mia. Wanapeana. Kijana anauliza swali la kijinga, wazee watano wanamjibu bila kumtukana. Mmoja anamwambia chuma chako umekikata kwa haraka, punguza mwendo. Mwingine anamwambia hapo umezidisha, hiyo haifai tena, tupa anza upya, usije ukaipiga ikakulipukia mkononi. Wanaongelea vipimo vya elfu moja ya inchi kama sisi tunavyoongelea mpira. Mtu kajifunza miaka 40, anakaa chini anamwaga yote bure kwa mtu asiyemjua.

Linganisha na huku. Nenda kwa fundi yeyote mwenye jina mjini umuombe akufundishe kazi. Utabeba spana miaka miwili, utatumwa chapati, na siku ya kazi yenyewe atakwambia nenda kaninunulie vocha ili usione alivyofunga. Fundi anakufa na ujuzi wake. Tunasema ni siri ya kazi, kumbe ni uoga wa njaa. Simlaumu sana kwa sababu anaogopa ukishajua utafungua kibanda pembeni yake, na kweli utafungua. Lakini ukweli ndio huo, wenzetu wamejenga utamaduni wa kufundishana na sisi tumejenga utamaduni wa kufichana. Kama staa wetu angeandika hilo, ningekuwa wa kwanza kumpa laiki.

Ila hakuandika hilo. Kaandika "tunabaniwa."

Tuje upande wa pili ambao hauonekani kwenye video. Kwa miaka mingi Marekani kulikuwa na kitu wanaita asilimia 80. Yaani kipande cha bastola ambacho hakijamalizika, kwa hiyo kisheria kilihesabiwa ni chuma tu. Unanunua kama unavyonunua kitasa, hakuna anayekuuliza jina wala rekodi yako polisi. Ukikimalizia nyumbani kinakuwa bastola kamili na haina namba. Wenyewe wanaziita bunduki mzimu, kwa sababu polisi wakiiokota hawana pa kuanzia. Hakuna duka lililouza, hakuna mnunuzi, hakuna chochote.

Wale wazee walikuwa wanafurahia ufundi wao, sikatai. Lakini mlango ulioachwa wazi kwa ajili yao hauulizi anayepita ni mzee au ni mhuni. Mwaka 2017 polisi wa Marekani waliripoti kuokota bunduki za namna hiyo kama 1,600 kwenye matukio ya uhalifu. Mwaka 2021 zilikuwa zaidi ya 19,000. Miaka minne tu. Ndipo serikali yao mwaka 2022 ikatoa kanuni kwamba seti zinazogeuka kuwa silaha kirahisi zihesabiwe ni silaha: ziwe na namba, muuzaji awe na leseni, mnunuzi achunguzwe. Wapenda silaha wakaenda mahakamani. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani kabisa, na Machi 2025 majaji saba dhidi ya wawili wakasema kanuni ibaki. Hao ni Wamarekani wadau, watu wenye haki ya silaha kwenye katiba yao. Hata wao wamefika mahali wamesema hapa tuweke kidole.

Na kuna tukio moja ambalo mimi nikilikumbuka hamu yote ya zile video inaisha. Novemba 2019, shule ya sekondari ya Saugus, huko Santa Clarita, California. Mwanafunzi wa miaka 16, siku ya kuzaliwa kwake, alitoa bastola kwenye begi akapiga wenzake watano, wawili wakafa, kisha akajipiga mwenyewe akafa. Bastola ilikuwa haina namba, imeunganishwa kutoka kwenye vipande. Vyombo vya habari vya kule viliripoti kwamba aliyeiunganisha ni baba yake, na baba mwenyewe alikuwa ameshafariki kabla ya tukio.

Soma tena hapo. Aliyeunganisha hakuwepo tena duniani. Lakini chuma hakifi na mwenyewe. Kinabaki ndani ya nyumba na hakijui kama kilitengenezwa kwa mapenzi ya ufundi. Atakayekishika kesho ndiye anaamua.

Najua majibu yatakayokuja maana nawajua. La kwanza: "Hata kisu kinaua, mbona jikoni kipo?" Sawa. Kisu kinakata vitunguu mara elfu kabla ya kufikiria kumkata mtu. Bastola haina kazi ya pili pale jikoni. Na mwehu mwenye kisu darasani, madogo wanaweza wakamrukia. Mwenye bastola unamrukiaje?

La pili: "Elimu sio kosa, kujua sio kufanya." Hapo nakubaliana nusu. Kujua jinsi chuma kinavyokerezwa sio kosa na haitakiwi iwe kosa. Fundi mkerezaji ni mtu wa heshima, bila yeye mashine za kusaga mahindi mtaani zinasimama. Lakini staa wetu hakuweka somo la kukereza. Kaweka bidhaa ya mwisho, kaiwekea muziki na kuwaambia vijana wanabaniwa. Anapandisha hamu, hafundishi kitu. Na mtu akishapandishwa hamu hataenda kusoma, atatafuta njia ya mkato.

La tatu ndilo gumu kidogo: "Mbona zamani babu zetu walikuwa na magobore?" Kweli kabisa. Gobore ni silaha ya kienyeji, na mpaka leo vijijini kuna mafundi wanazifua. Watu wamezitumia kufukuza nguruwe pori shambani na kuwinda. Kwa hiyo nani kasema Mtanzania hajui kutengeneza bunduki? Anajua siku nyingi. Swali ni anaishia wapi.

Anaishia ndani. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015 na haina utani: kutengeneza silaha bila kibali ni kosa, kumiliki bila kibali ni kosa. Na kesi za kukutwa na silaha bila kibali hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Umeelewa? Uhujumu uchumi, jina lile lile unalosikia kwenye kesi za meno ya tembo. Mzee wa kijijini na gobore lake la kufukuzia nguruwe anapandishwa kizimbani kwa jina hilo. Ndiyo maana polisi zaidi ya mara moja wametangaza vipindi vya watu kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na magobore yamekuwa yakirudishwa.

Sasa hapa ndipo penye hoja yangu leo, na hapa sitazunguka.

Mzee wa gobore hana wafuasi wala wakili. Akikamatwa picha yake inatolewa amekaa chini na magobore yamepangwa mbele yake, na sisi tunapita tu na kidole. Staa anaposti bastola ya kujitengenezea anapewa moto na makopakopa. Ni kitu kile kile! Tofauti ni kwamba mmoja ana gari na mwingine ana jembe. Kama tunaona gobore ni aibu na ushamba, kwa nini bastola ya karakana iwe ujanja?

Na anayeumia kwenye hii kiki sio staa. Staa akiitwa kituoni ataenda na mawakili na meneja, atatoka, ataomba radhi, itakuwa kiki nyingine na wimbo utatoka wiki hiyo hiyo. Anayeumia ni dogo mmoja yupo kwenye karakana, ana miaka 20, kamaliza VETA juzi, mkono wake umetulia kwenye mashine, hela hana. Anaiona ile posti. Anaona komenti inayosema mafundi wetu wanaweza. Anajisikia ameonekana kwa mara ya kwanza, maana hakuna mtu huwa anamsifia mkerezaji. Halafu usiku meseji inaingia: "Fundi, kuna kazi ndogo, nina sampo, nichongee kipande kama hiki, laki tano." Haambiwi ni nini. Au anaambiwa na anajifanya hajaambiwa, maana kodi ya chumba imefika na bosi hajalipa miezi miwili.

Siku ile kitu kikiokotwa kwenye tukio la wizi wa bodaboda, unadhani polisi watamtafuta nani? Mwenye posti? Watamtafuta mwenye mashine. Na bodaboda aliyepigwa kwa ajili ya pikipiki ya mkopo, naye ni kijana kama huyo fundi. Pengine wamesoma shule moja. Hesabu yote ya hasara inabaki kwetu wa chini, juu wamebaki na wafuasi wapya.

Kuna watakaosema siku hizi hata fundi hahitajiki, kuna printa za 3D. Hilo nalo lina historia yake. Mwaka 2013 Mmarekani mmoja, Cody Wilson, alionyesha bastola ya plastiki iliyochapwa kwa printa na akaweka michoro yake intaneti. Serikali ikamwambia aitoe, lakini kwa siku chache ilizokaa ilikuwa imeshapakuliwa zaidi ya mara laki moja. Kitu cha intaneti mnakijua, ukishakiachia hukirudishi. Desemba 2024 bosi wa kampuni ya bima ya afya alipopigwa risasi barabarani New York, polisi walisema bastola waliyomkuta nayo mtuhumiwa ilionekana imetengenezwa sehemu yake kwa printa hizo.

Japani ndiyo mfano wa kuwapelekea wanaopenda kuposti. Kule sheria ya silaha ni kali mno. Mwaka 2014 jamaa mmoja wa mji wa Kawasaki alikamatwa kwa kuchapa bastola za plastiki nyumbani, na alikuwa anajirekodi na kuweka video intaneti. Alifikiri ni ujanja. Video ndizo zilizowaleta polisi mlangoni, na akafungwa miaka miwili. Hakuua mtu. Miaka minane baadaye, Julai 2022, nchi hiyo hiyo, mtu mwingine akaja na bunduki aliyoitengeneza mwenyewe kwa mabomba, akampiga waziri mkuu mstaafu Shinzo Abe akiwa anahutubia kwenye mji wa Nara, akafa. Nchi ambayo bunduki kuiona tu ni shida. Wanaodhani hizi ni mbwembwe za karakana tu wakae na hilo.

Basi tufanyeje, tuwakataze mafundi kujua? Hapana. Mimi nataka kinyume chake. Nataka ule utamaduni wa wazee wa kupeana uje huku, ila silaha wabaki nazo wenyewe.

Fikiria. Mashine ya kukamua miwa imekatika ekseli, mwenye nayo anaambiwa kipuri kinatoka China wiki tatu. Mkerezaji wa Gerezani anaichonga jioni moja. Bajaji, mashine za kukoboa, pampu za visima, vitanda vya hospitali vilivyokufa kwa sababu ya boliti moja isiyopatikana dukani, hivyo vyote vinasubiri mtu mwenye mkono uliotulia na kipimo cha elfu moja ya inchi. Kazi hiyo ni ngumu sawa na ya bastola, mahali pengine ni ngumu zaidi. Tatizo ni kwamba haina muziki nyuma yake na hakuna staa anayeiposti.

Kwa hiyo mastaa wetu, mnapenda kusema mnasapoti vipaji. Ingia karakana moja na simu yako. Mrekodi dogo anavyochonga gia kutoka kwenye chuma chakavu. Mtaje yeye kwa jina, weka namba yake ya kazi, waambie wafuasi wako milioni ngapi sijui hizo kwamba huyu anaweza. Halafu muombe fundi mkubwa afungue mdomo, afundishe hadharani kama wale wazee. Utamlipia dogo kodi ya mwaka mzima kwa posti moja. Tena hakuna polisi atakayekuja kukuuliza.

Na wewe mdau uliyeomba bei inboksi, sijui ulikuwa unatania au la. Nenda kafute. Hizo komenti zinapigwa picha na zinakaa, na siku ikitokea la kutokea mtaani kwenu jina lako liko pale na tarehe na saa. Ukiwa na shida ya ulinzi kweli, utaratibu wa kuomba kibali upo, unaanzia serikali ya mtaa na polisi. Ni mrefu, unachosha, na unatakiwa uchoshe.

Kwa mafundi wanaosoma hapa, najua mpo maana huwa mnanijibu: mtu akikuletea kipande hataki kukwambia ni cha nini, na hela inazidi ukubwa wa kazi, mrudishie kipande chake. Mwambie mashine imeharibika. Uongo mdogo huo Mungu atakusamehe.

Povu ruksa hapo chini, ila matusi nafuta. Na kama kuna fundi mkerezaji unayemkubali mtaani kwenu, mtaje na kazi yake halali anayofanya. Nitakusanya majina, wiki ijayo nawapandisha hapa mmoja mmoja.